Kovu Lisiingie Gizani

Mwanamke wa dirisha la viza aliinua picha yangu, akaniangalia, akairudia picha, kisha akaniangalia tena. Safari hii alikuwa na huruma machoni, na huruma ya mtu aliye nyuma ya kioo haina raha yoyote.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Si mdogo wako?"

"Ni mimi, dada. Nimepigwa wiki hii hii."

Aliisukuma ile picha chini ya kioo. Hapo ndipo nilipoitazama kwa mara ya kwanza. Sikuwa na tabia ya kutazama picha zangu. Bahasha ililetwa wodini nikiwa zamu, nikaitia kwenye faili pamoja na vyeti, majibu ya mtihani wa lugha, picha ya kifua na barua ya ufadhili, nikaendelea kufunga vidonda vya watu.

Aliyekuwa kwenye ile picha alikuwa mimi na hakuwa mimi. Macho yangu, pua yangu, kola ya sare yangu. Lakini shavu la kushoto lilikuwa laini kama sahani iliyooshwa. Kovu langu halikuwepo. Kovu hilo linaanzia chini ya sikio, linashuka shavuni, linaingia shingoni kama maji yalivyoshuka siku ile nikiwa mtoto wa kutambaa na sufuria ikaniangukia. Sijawahi kuwa na sura nyingine. Nimefanya mitihani nikiwa na sura hiyo, nimevikwa nayo kofia ya uuguzi, na nilikuwa naenda nayo kusomea shahada ya uzamili ya matibabu ya majeraha ya moto. Sasa mtu alikuwa amekaa mahali akaifuta.

"Mashine yetu inasoma uso," yule dada akasema. "Hii itakataa, na ikikataa watakuandika kama mtu aliyedanganya. Mimi sijaipokea, umenielewa? Lete nyingine kesho asubuhi, uje moja kwa moja dirishani kwangu. Ukikosa kesho, nafasi nyingine ninayoiona hapa ni baada ya masomo yako kuanza."

"Na chuo wameshaniambia hawasubiri."

"Hilo mimi sina la kufanya, dada yangu. Kapige picha."

Nje kaka yangu alikuwa ananisubiri ndani ya pikapu lake, friji ya mtu imefungwa kwa kamba nyuma. Kaka ni fundi wa friji. Baba alipofariki yeye ndiye aliyeshika nyumba, na ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule, na siku ya pili, na siku zote mpaka watoto wa njiani walipoelewa kwamba anayenicheka atakutana na nani.

"Vipi?" akaniuliza kabla sijafunga mlango. "Wamepokea?"

"Wamekataa picha."

"Picha? Picha ina nini?"

Nikampa. Aliitazama haraka haraka, kama mtu anayetazama jua, akanirudishia.

"Mbona nzuri tu," akasema.

"Kaka, kovu liko wapi?"

Akawasha gari. Lilizima. Akaliwasha tena.

"Twende studio ya pale karibu na soko," akasema. "Wanapiga haraka, wanatoa hapo hapo."

"Nipeleke kwa Usicheke, aliyenipiga hii."

"Ya nini? Studio ziko nyingi, mdogo wangu. Ya nini kwenda kutafuta ugomvi na muda wenyewe huna?"

"Nipeleke kwa Usicheke au nishuke nitembee."

Akanipeleka. Njia nzima hakusema kitu, nami nikadhani anafurahi kimoyomoyo. Maana kaka hakumtaka Usicheke, mpiga picha wangu na mpenzi wangu, na hakuficha. "Mtu anayeishi kwa kuwaambia watu wasicheke," alikuwa akimwambia mama mezani, "atamfurahisha nani?" Mama akicheka, yeye alikuwa anakaza uso. "Msichana anakwenda kusoma. Huyu atamfanya afike huko akae na simu mkononi badala ya kitabu. Leo picha, kesho ahadi, keshokutwa ananiambia hataki tena kwenda. Mimi sijamlea dada yangu aje aishie kushika taa kwenye chumba cha pazia jeupe."

Siku hizi watu wanaponiuliza mpiga picha alikuwa mtu wa namna gani, huwa nawasimulia siku ile, kwa sababu siku ile nilimwona jinsi alivyo hasa.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la vioo na fundi viatu. Kulikuwa na pazia jeupe ukutani, taa mbili zilizofunikwa miavuli, kigoda kisicho na mgongo ili mtu asijiegemeze, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba kisiondoke na mteja. Kwenye msumari lilining'inia koti la wateja, koti moja kwa wanene na wembamba, limepasuliwa mgongoni na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Ukimtazama mtu kwa mbele ni meneja. Ukizunguka nyuma ni kamba ya kuanikia. Alikuwa akipiga picha za pasipoti tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa kuwa picha hizo hazitaki meno, mtaa mzima ulimwita Usicheke. Hata watoto.

Tulipoingia, kwenye kigoda alikaa babu mmoja asiye na jino hata moja, amevaa lile koti.

"Babu, usicheke," mpiga picha akasema.

Babu akacheka.

"Babu, hii ni picha ya kitambulisho. Ukicheka watasema huna shida ya mafao ya kustaafu."

Babu akacheka mpaka akashika goti. Mpiga picha hakumkaripia. Aliishusha kamera, akaja akachuchumaa mbele yake, akamrekebisha kola polepole, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umri huu wote, babu, ni nani ulitamani akuone umevaa koti?" Babu akaacha kucheka. Uso ukatulia, macho yakaenda mbali. Mpiga picha akarudi nyuma kwa miguu ya paka, akapiga. Nimeona wapiga picha wengi. Sijaona mwingine anayemngoja mtu afike kwenye uso wake mwenyewe.

Ndivyo alivyonipata mimi. Nilikwenda kwake kupiga picha ya kitambulisho cha hospitali, na nikakaa upande upande kama nilivyofundishwa na wenzake wote. Wenzake wote walikuwa waungwana. "Geuza shingo kidogo, dada, hivyo hivyo, safi," walikuwa wakisema, na kila picha yangu tangu utotoni ilitazama dirishani kana kwamba kuna mtu ananiita huko. Yeye alisema, "Sista, niangalie mimi." Nikageuza shavu zima kwenye taa zake. Hakupepesa macho. Akapiga, akasema, "Asante," basi. Nilitoka pale nikakosea njia ya kurudi kazini.

Kwa hiyo, mnielewe nilivyokuwa nimesimama mlangoni mwake na ile picha mkononi.

Babu alipovuliwa koti na kuondoka, mpiga picha akanitazama, na tabasamu lake likaanza kisha likasita njiani, maana aliuona uso wangu, na nyuma yangu akamwona kaka.

"Karibuni. Sista, karibu. Bwana mkubwa, karibu, kuna benchi hapo."

Kaka hakukaa.

"Wameikataa," nikasema, nikamwekea picha mezani. "Wameniuliza kama huyu ni mdogo wangu."

Aliichukua. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaigeuza nyuma. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake, taratibu, kama ninavyopitisha mimi kidole kwenye ukingo wa kidonda kujua kimefungwa na nani. Kisha akainua macho, hakuniangalia mimi, alimwangalia kaka yangu. Mara moja tu. Kaka alikuwa anasoma tangazo la bei ukutani.

"Ni kosa langu," mpiga picha akasema.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengine. Nilitaka aseme mashine imeharibika. Nilitaka aseme hata uongo.

"Kosa lako kivipi?"

"Mkono umezoea. Picha za harusi, picha za watoto, watu wanataka wasafishwe. Chunusi, jasho, alama. Foleni ikiwa ndefu mkono unakwenda wenyewe."

"Mkono wako ulikwenda wenyewe kwenye uso wangu?"

"Kaa, Sista. Nikupige nyingine sasa hivi, isiguswe na mtu. Kesho unapeleka."

"Sitaki kukaa. Nataka kujua." Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda, na fundi viatu nje akaacha kugonga nyundo. "Wewe ulikuwa mtu wa kwanza. Unajua hilo? Mtu wa kwanza kuniambia niangalie mbele. Nikasema, huyu anaiona sura yangu na haimsumbui. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama. Kumbe ulikuwa unangoja niondoke ndipo unisafishe!"

"Si hivyo."

"Ni vipi, basi? Sema!"

Alikuwa ameshika ile picha kwa vidole viwili, amesimama tu, mrefu, mabega yameshuka, na alinitazama kama mtu anayetazama gari likiondoka na mzigo wake. Alikuwa na maneno. Niliyaona yamemjaa mdomoni. Akayameza.

"Nisamehe," akasema.

"Huna aibu? Unajua ninakwenda kusomea nini? Ninakwenda kusomea ngozi kama hii, bwana mpiga picha. Nitakaa darasani na watu wa nchi zote tukizungumza habari ya shavu langu. Na wewe unanipeleka huko bila shavu."

"Mdogo wangu," kaka akaita kutoka benchi. Sikujua amekaa saa ngapi. "Inatosha. Piga picha tuondoke."

"Haijatosha! Wewe si ndiye uliyesema? Si ulisema hanifai? Furahi basi. Nikitoka hapa nimetoka. Nikipanda ndege simjui mtu mwenye taa wala pazia."

Nilitegemea kaka apige makofi. Alikuwa anakunja kofia yake ya kazi, anaikunjua, anaikunja tena.

Mpiga picha alikwenda kuwasha taa zake, kazi yake ikamtuliza, kama yangu inavyonituliza. "Kaa, Sista," akasema tena, kwa upole uleule aliomwambia babu. "Mimi nikasirikie. Viza usiikasirikie."

Nikakaa. Nilikaa wima kama msumari.

"Kwa hasira hizi," akasema huku akipanga kamera, "leo sitahitaji kukuambia usicheke."

Mtu mwingine angepigwa kwa kitana. Lakini alivyosema, sauti yake ilikatika katikati, na sikujua kama ni utani au ni kilio.

Akachungulia kwenye kamera, akasita. Akaja kwenye taa ya kushoto, akaisogeza. Akarudi, akachungulia, akaja tena, akauinamisha mwavuli wake kidogo.

"Unafanya nini?" kaka akauliza.

"Kuna kivuli chini ya sikio," akajibu, hakugeuka. "Kovu lisiingie gizani. Wanataka kuona uso wote, na uso wake unaanzia hapa." Akaonyesha kwa kidole, hakunigusa, kidole kikashuka hewani kufuata kovu langu kutoka sikioni mpaka shingoni, bila haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia aliyoizoea. "Hapa pana ngozi inayong'aa, taa ikipiga sana panakuwa peupe panapotea. Na hapa karibu na kola ni peusi zaidi. Vyote viwili vionekane. Inua kidevu, Sista. Kidogo. Hapo."

Mimi nilikuwa namwangalia ndani ya kioo cha kamera kwa hasira zangu zote, na nyuma ya hasira hizo kitu kilikuwa kinaniuliza: mtu anayejua kovu langu kiasi hiki, mpaka pale linapobadilika rangi, alilifuta vipi kwa kusahau?

Akapiga.

"Si yeye," kaka akasema.

Tuligeuka wote wawili. Kaka alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa chini.

"Bwana mkubwa, acha," mpiga picha akasema haraka.

"Usinikatize! Umenyamaza vya kutosha, sasa nyamaza na mimi niseme." Alinigeukia, na mtu huyu aliyewahi kubeba friji peke yake ngazini alikuwa anatetemeka kidevu. "Si yeye, mdogo wangu. Mimi nilizichukua hapa picha zako, ziko sawa, ziko kama hiyo anayopiga. Nikazitazama kwenye gari. Nikazipeleka kwa yule wa duka la kompyuta niliyemtengenezea friji. Nikamwambia, nisafishie dada yangu. Akaniuliza nisafishe nini, nikamwambia, we si unaona?"

"Kaka."

"Hata hela hakutaka. Akaniambia hii bure, ile friji inagandisha vizuri."

"Kaka, kwa nini?"

"Kwa sababu nimewaona watu!" Fundi viatu na wa duka la vioo sasa walikuwa mlangoni wazi wazi, wala hawakujidai kupita. "Mimi nimetembea na wewe miaka yote, wewe unatazama mbele, mimi ndiye ninayetazama wanaokutazama. Hapa ninaweza kumshika mtu shati. Huko ninamshika nani? Nikasema wakufungulie mlango kwanza. Wafungue, uingie, uketi, ndipo wajue. Ukishaketi hakuna wa kukutoa, kwa sababu una akili kuliko wote. Nilitaka mlango tu."

Nilikuwa nimebeba hasira kubwa ya mtu mmoja, na sasa sikujua niiweke wapi. Kaka aliokota kofia yake, akamtazama mpiga picha.

"Na huyu," akasema, "alijua tangu alipoigeuza akaona karatasi si yake. Nilimwona. Nikasema sasa atanitaja. Nikangoja anitaje. Anatukanwa, hanitaji. Unaachwa, bwana, unaachwa mbele ya macho yangu, na mdomo unao! Wewe ni mtu gani?"

"Mpiga picha," akajibu.

Kaka alitoa sauti, nusu kicheko nusu kikohozi. "Nakwenda kuangalia kamba za friji," akasema. "Na nyie wengine mlangoni, hakuna sinema hapa. Rudini kwenye viatu."

*

Asubuhi iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la viza. Yule dada aliishika picha mpya, akaniangalia, akaiangalia, na safari hii hakurudia.

"Sasa hapa umekuja," akasema. Akaiweka kwenye mashine. Nilisikia ikivuta, ikinguruma, na nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza kama mgonjwa anayengoja sindano. Taa ya kijani ikawaka upande wake. "Alama za vidole, dada. Mkono wa kulia kwanza." Halafu, akigonga mhuri kwenye risiti yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya kazi, "Nani amekupiga? Mimi yangu ya pasipoti nafanana na mwizi."

Nikamwelekeza. Kati ya duka la vioo na fundi viatu.

Nilipotoka, walikuwa wamekaa wote wawili kwenye ukuta mfupi wa nje, kaka na mpiga picha, na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Walikuwa wanabishana.

"Koti gani lina vibanio mgongoni?" kaka alikuwa anasema. "Ni udanganyifu uleule."

"Mgongo haupigwi picha."

"Na mtu akigeuka?"

"Nitamwambia asigeuke." Kisha wakaniona. Wote wakasimama kwa pamoja, hakuna aliyeuliza.

"Imepita," nikasema.

Kaka alinikumbatia, akanipigapiga mgongoni kama anayepiga friji iliyogoma, akaniachia, akajipangusa uso kwa kofia. "Nina mzigo wa watu kwenye gari," akasema. "Nyie zungumzeni." Alitembea hatua chache, akarudi, akamnyooshea kidole mpiga picha. "Jumapili uje nyumbani umwone mama. Uje na mtu mzima wa kwenu, usije peke yako kama fundi bomba. Na ukae kama watu wanavyokaa, usianze kutupanga taa."

"Nimesikia, bwana mkubwa."

"Shemeji," kaka akasema, neno likamtoka kwa shida kama jino. "Ukishazoea. Usiharakishe."

Tukabaki wawili. Watu wenye mafaili walikuwa wakipita kuingia na kutoka, kila mmoja na uso wake wa safari. Sikuwa nimelala vizuri, naye pia, niliona machoni mwake.

"Mbona hukusema si kazi yako?"

"Ningesema, ungemgeukia yeye."

"Na angestahili."

"Ungeondoka umemkasirikia mtu aliyekulea. Wewe huko, yeye huku, kila mmoja na lake moyoni, na kaka yako si mtu wa kuandika. Mimi ukinikasirikia nitakuandikia kila siku mpaka uchoke, unisamehe upate kupumzika."

"Na kama nisingekusamehe?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri, na nilimpenda kwa hilo pia. "Hapo ningekuwa nimekosea hesabu," akasema.

"Niliamini unanionea haya. Ungeniacha niende nikiamini hivyo?"

"Hilo ndilo lililonishinda. Uliposema ulimwambia mama yako, nilifungua mdomo. Nilikuwa karibu kumtaja. Kaka yako aliniokoa kwa kuniwahi kidogo tu, asingesema yeye ningesema mimi, na ningejidharau." Alitazama viatu vyake. "Usinifanye mtu mzuri kuliko nilivyo, Sista."

Nilikuwa na risiti mkononi, ile karatasi niliyoitafuta tangu nilipokuwa nasomea mtihani wa lugha kwenye benchi la wodi, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Safari ilikuwa imeshaanza kuwa kweli. Ilikuwa na tarehe. Na badala ya kufurahi, niliikunja karatasi ile mara mbili.

"Niambie nibaki," nikasema.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Kuna yule mtoto wa wodini kwako, ulinisimulia, anayejifunika shuka usoni kila daktari akipita. Nenda kasome mpaka ujue la kumfanyia. Ukibaki kwa ajili yangu, nitamwonaje mtoto huyo siku akija kupiga picha?"

"Basi niambie kitu kingine. Chochote. Kutwa unawaambia watu usiowajua la kufanya. Kaa wima, inua kidevu, usicheke. Mimi ninayeondoka huniambii kitu."

Alinitazama kama alivyomtazama babu kwenye kigoda, akingoja, ila safari hii aliyekuwa anangojwa afike alikuwa yeye mwenyewe.

"Rudi," akasema.

"Basi?"

"Rudi."

"Sema tena."

Akasema tena. Mara hiyo alikuwa ameushika uso wangu kwa mikono yake miwili, mbele ya lango la ubalozi, watu na mafaili yao wakipita, na mkono uliokuwa juu ya kovu haukuwa mwepesi kuliko ule mwingine.